Asili ya Maneno: Malaria, Neno Lililotaja Hewa Likamwacha Mbu

Desturi ya safu hii ni kuchukua neno moja la kitaalamu la Kiingereza, kulifungua kama mtu afunguavyo furushi, na kutazama limebeba nini na limetoka wapi. Juma hili nimechagua neno ambalo kila mtu analijua, hata yule asiyejua Kiingereza kabisa. Neno lenyewe ni malaria. Huenda wengine wakasema, "Neno hili la nini? Ugonjwa huu twaujua tangu utotoni." Ni kweli, ugonjwa twaujua. Lakini jina la ugonjwa silo ugonjwa wenyewe, na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi moja mzee wetu mmoja, ambaye ni tarishi katika ofisi ninayofanya kazi, alinijia mezani kuomba ruhusa. Mjukuu wake wa miaka mitatu alishikwa na homa usiku, na kulipokucha mwili wa mtoto ukaanza kukakamaa na macho yakamgeuka. Mama wa mtoto alisema kwamba hiyo ni malaria, apelekwe hospitali upesi. Nyanya yake alisema kwamba hiyo ni degedege, wala mtoto mwenye degedege hachomwi sindano, kwa kuwa sindano itamwua. Basi nyumba ikagawanyika. Mzee akanitazama, akasema, "Bwana Karani, wewe umesoma. Malaria na degedege ni ugonjwa mmoja au magonjwa mawili?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, mpeleke mtoto hospitali kwanza, sasa hivi. Ruhusa nitakuombea mimi. Swali lako nitalijibu utakaporudi." Akaenda mbio, mzee wa umri ule. Haya niandikayo leo ndiyo majibu niliyomwahidi, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua nyumba iliyogawanyika asubuhi ile si moja tu.

Neno malaria si la Kiingereza kwa asili. Ni la Kiitalia, na ndani yake mna maneno mawili yaliyounganishwa: mala, maana yake mbaya, na aria, maana yake hewa. Waitalia wameitanguliza sifa, wakasema "mbaya hewa". Sisi twageuza, twasema "hewa mbaya". Tena neno hili halikupata taabu yoyote kuingia katika Kiswahili, kwa sababu kila silabi yake huishia kwa irabu kama maneno yetu wenyewe. Halikuongezwa herufi wala halikupunguzwa.

Waingereza nao walikuwa na homa hii nchini mwao kwa karne nyingi, hasa katika sehemu za mabwawa. Wao waliiita ague, neno lililotoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni homa kali. Neno la Kiitalia liliwafikia baadaye. Mwaka 1740 kijana mmoja Mwingereza, Horace Walpole, aliyekuwa akitembelea Italia, aliwaandikia watu wa kwao barua akitaja kitu cha kutisha kinachoitwa kwa jina hilo, kinachoujia mji wa Rome kila wakati wa joto na kuua watu. Kisha mwaka 1827 daktari mmoja, John MacCulloch, alitoa kitabu kizima juu ya malaria, na tangu hapo neno likaenea miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza.

Msomaji, hapa yafaa tutulie kidogo. Siku zile malaria halikuwa jina la ugonjwa. Lilikuwa jina la ile hewa yenyewe, yaani sumu waliyodhani kwamba hupanda kutoka matopeni na kumwingia mtu kwa pumzi. Ugonjwa ulikuwa na majina yake mengine. Miaka ilivyopita, jina la kitu kilichodhaniwa kuwa chanzo likahamia kwenye ugonjwa, likakaa huko mpaka leo. Ni kama mtu anayeshitakiwa kwa wizi, kisha wizi wenyewe ukaitwa kwa jina lake, halafu ikaonekana kwamba hakuiba.

Tusiwacheke watu wale. Walikuwa na macho, nao waliona mambo ya kweli. Waliona kwamba watu waliolala karibu na mabwawa nje ya Rome waliugua, na waliolala vilimani hawakuugua sana. Waliona kwamba homa ilikuja wakati wa joto, na kwamba saa za hatari ni za usiku. Waliona kwamba bwawa linanuka na ukungu unapanda juu yake jua likisha kutua. Basi wakaunganisha mambo haya, wakasema kwamba ni hewa, na wenye nyumba wakafunga madirisha usiku.

Tena dhana ile ilizaa matendo mema. Mwaka 1717 Giovanni Maria Lancisi, aliyekuwa daktari wa Papa, aliandika juu ya mvuke mbaya wa mabwawa, akashauri mabwawa yakaushwe. Mahali palipokaushwa, homa ilipungua. Nani angeweza kumbishia? Alitenda lililo sawa kwa sababu isiyo sawa. Wafaransa nao wakaiita homa hii paludisme, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya bwawa, na ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi waliosoma Kifaransa walijifunza jina hilo. Kwa hiyo mataifa mawili yalitoa majina mawili: moja likashitaki hewa, la pili likashitaki bwawa. Hakuna lililomtaja mbu, aliyekuwa akiimba masikioni mwao usiku wote.

Kosa hili lilianza kufichuka katika bara letu la Afrika. Tarehe 6 Novemba mwaka 1880, katika mji wa Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikuwa akitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini, yaani ile darubini ya kuonea vitu vidogo mno. Ndani ya damu akaona viumbe vilivyo hai, vikicheza. Hakuona hewa, wala sumu ya matope. Aliona vijidudu. Wakubwa wengi wa elimu hawakumsadiki upesi, lakini mwaka 1907 alipewa Tuzo la Nobel.

Likabaki swali la pili: vijidudu hivi huingiaje katika damu? Daktari Ronald Ross, Mwingereza aliyezaliwa India, alipasua mbu mmoja baada ya mwingine katika joto la mji wa Secunderabad, mpaka tarehe 20 Agosti mwaka 1897 alipoona katika tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa dalili za vijidudu vile vile vikikua. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba malaria ya ndege huchukuliwa na mbu. Mwaka huo huo wa 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake huko Italia wakaonyesha kwamba malaria ya wanadamu huchukuliwa na mbu wa jamii ya anofelesi. Neno anofelesi nalo limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni asiye na faida. Mtaalamu mmoja wa wadudu, Meigen, alimpa mbu huyo jina hilo mwaka 1818, miaka themanini kabla haijajulikana ubaya wake wote. Kumbe majina mengine hubahatika!

Hata hivyo wako waliosema, "Vema, mbu yumo, lakini hewa nayo imo." Basi mwaka 1900 jaribio likafanywa, na kwa maoni yangu ni jaribio zuri kupita mengi, kwa sababu hata mtoto wa shule aweza kulifahamu. Madaktari wawili kutoka London, Louis Sambon na George Carmichael Low, walijenga kibanda cha mbao karibu na Ostia, penye mabwawa mabaya kabisa ya Rome. Madirisha na milango wakaiwekea nyavu za waya zisizopitisha mbu. Mchana walitembea watakapo. Jua lilipokaribia kutua waliingia ndani, wakalala na madirisha wazi, hewa ya bwawa ikipita katika nyavu na kuwajia puani usiku kucha. Wakakaa hivyo tangu Julai hadi Oktoba. Majirani zao waliugua homa; wao hawakuugua.

Wakati huo huo mbu waliowanyonya wagonjwa huko Rome walitiwa katika vifaa maalum, wakapelekwa London, mji usio na bwawa la Rome wala hewa yake. Huko walimwuma kijana mmoja, Patrick Thurburn Manson, mwana wa daktari mkubwa Patrick Manson, ambaye alijitoa kwa hiari yake. Kijana akashikwa na malaria, kisha akaponywa kwa kwinini. Basi hesabu ikawa wazi. Penye hewa mbaya pasipo na mbu, watu hawakuugua. Penye mbu pasipo na hewa ile mbaya, mtu aliugua. Hewa ikaachiliwa huru, na jina lake likabaki kwenye ugonjwa.

Sasa tugeukie upande wetu, maana jambo nilipendalo zaidi katika habari hii liko huku. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita katika nchi ya Wasomali miaka ya 1854 na 1855, aliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1856 kwamba watu wa huko wasema homa za kufisha huletwa na kuumwa na mbu. Lakini yeye aliona kwamba hiyo ni imani tupu, iliyotokana tu na mbu na homa kuzidi katika majira yale yale. Alishika ukweli mkononi, akautupa. Wazee wetu husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na hapo elimu ya Ulaya ilivunjika guu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kisha mnamo mwaka 1898 alikuwako katika nchi ambayo leo ni Tanzania Robert Koch, yule daktari wa Ujerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Huko aliambiwa kwamba watu wa milima ya Usambara, ambao kwao juu homa haiwasumbui, wakishuka pwani huugua. Alipotaka kujua ugonjwa huo waitwaje, alielezwa kwamba huitwa mbu. Na mdudu anayewauma huko chini aitwaje? Huyo naye ni mbu. Jina moja kwa vyote viwili, kwa sababu, walisema, huko pwani kuna wadudu waitwao mbu, nao wakimwuma mtu huugua. Koch hakucheka, aliliandika neno hilo katika taarifa yake.

Fikirini, wasomaji. Vyuo vikubwa vya Ulaya vilikuwa na neno zuri la kitaalamu lililosema "hewa mbaya", na watu wa Usambara walikuwa na neno moja fupi lililosema "mbu". Kati ya maneno hayo mawili, lililokuwa na elimu zaidi ni lipi?

Najua kwamba hapa wengine watapiga makofi, waseme, "Naam, wazee wetu walijua yote." Polepole, ndugu zangu. Furushi la pili bado halijafunguliwa, nalo ni la kwetu wenyewe: degedege.

Wengi husema kwamba neno degedege limetoka katika neno ndege. Watu wa pwani waliamini tangu zamani kwamba mtoto hukakamaa na kutupa mikono kwa sababu pepo mwenye umbo la ndege amempitia juu. Miongoni mwa Wamijikenda ugonjwa huu huitwa nyuni, na nyuni maana yake ni ndege. Tazameni basi: Mwitalia alimwona mgonjwa akashitaki hewa, sisi tulimwona mtoto tukashitaki ndege. Kosa ni lile lile, la kutia chanzo cha kudhani ndani ya jina. Na jina likisha kushika chanzo, hushika na dawa pia. Ikiwa mwenye kosa ni hewa, dawa ni kufunga madirisha. Ikiwa mwenye kosa ni pepo, dawa ni kumfukiza mtoto na kumficha sindano. Huku saa zinapita.

Elimu ya leo yasema hivi. Mtoto mdogo mwenye homa na kukakamaa aweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, ambapo chembe za damu zenye vijidudu huziba vijishipa vya ubongo. Aweza pia kuwa na homa ya uti wa mgongo, au ukawa ni ukali wa joto la homa nyingine tu. Kwa macho hatuwezi kupambanua. Ni damu iliyopimwa itakayosema. Kwa hiyo degedege si jina la ugonjwa mmoja, bali ni jina la lile tunaloliona kwa nje. Hilo ndilo jibu la mzee wetu: malaria na degedege si magonjwa mawili yanayoshindania mtoto. Mara nyingi degedege ni malaria ikionyesha uso wake mbaya kupita zote, na mara nyingine ni ugonjwa mwingine wa hatari vile vile. Kwa vyovyote njia ni moja, nayo ni ya hospitali.

Na sindano? Hapa ndipo jina lilipofanya madhara yake makubwa. Malaria iliyozidi hutibiwa leo kwa sindano ya dawa itokanayo na mmea ambao Wachina waliutumia tangu kale kwa homa, na ambao mtaalamu wao, Bi Tu Youyou, aliutoa nguvu yake mnamo miaka ya 1970, akapewa Tuzo la Nobel mwaka 2015. Mtoto aliyezimia hawezi kumeza kidonge. Sindano ndiyo njia yake. Kama mtoto alifika hospitali amechelewa siku mbili, akachomwa, akafa, watu waliona sindano. Hawakuziona siku mbili. Wala nyanya aliyeogopa sindano si mjinga wala si adui wa mtoto. Aliona kwa macho yake, kama watu wa Rome walivyoona ukungu juu ya bwawa, akaunganisha vitu viwili visivyohusiana.

Si jambo dogo hili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani. Katika kila 100, wapata 95 walikuwa wa Afrika, na wengi wao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Basi yatupasa tuyashike haya. Mtoto akikakamaa, alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu kinywani, apelekwe kwa daktari mara moja. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, kwa maana mbu jike wa anofelesi huuma usiku, akitafuta damu kwa ajili ya mayai yake. Maji yaliyotuama karibu na nyumba yaondolewe, kwa kuwa humo ndimo mayai hutagwa. Hivyo Lancisi hakukosea kukausha bwawa. Hata chanjo imepatikana, na watoto wa sehemu za magharibi ya Kenya walianza kuipata mwaka 2019.

Huenda mtu akauliza, "Ikiwa neno malaria lina kosa, mbona wataalamu hawalitupi?" Hawalitupi kwa sababu hiyo hiyo inayotufanya sisi tuseme kwamba jua limetua, hali twajua shuleni kwamba ni dunia inayozunguka. Jina la zamani halidhuru, maadamu mwenye kulitamka hadanganywi nalo. Daktari asemapo malaria leo hafikirii hewa. Vivyo hivyo, mama aweza kusema degedege maisha yake yote, asitende dhambi yoyote, mradi asemapo hivyo awe amekwisha kumbeba mtoto na yuko njiani.

Mzee wetu alirudi kazini siku ya nne. Mtoto alipimwa, vijidudu vikaonekana, akachomwa sindano, na siku ya pili akaomba uji. Nilimwuliza habari za nyanya wa mtoto. Akasema, "Bado anasema ni degedege, Bwana Karani. Lakini mtoto wa jirani aliposhikwa usiku wa kuamkia jana, yeye ndiye aliyewagongea mlango akawaambia waende hospitali, wasingoje mapambazuko."

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutalifungua neno karantini, ambalo katika asili yake ni hesabu ya siku arobaini.